Gombe kwa boti ya abiria: mwongozo kamili kwa kundi la marafiki, kutoka Kibirizi hadi juu ya mgongo wa mlima

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yale yale. Vijana wameshuka Kigoma na mabegi mgongoni, wamefika Kibirizi, mwalo zinakoondokea boti, boti imeshaondoka. Wengine wamefika salama Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe kando ya ziwa Tanganyika, wamewaona sokwe, kisha wakagundua kwamba kesho yake ni Jumapili na hakuna chombo cha kuwarudisha. Wengine begi limelowa hadi nguo za ndani kabla hata hawajavuka Mtanga, kijiji kilicho njiani.

Mlima hauna lawama hapo. Wanaokwama wanakwamishwa na ziwa, kwa sababu wamelipangia safari kama wanapanda basi la Tabora. Gombe si kisiwa, ila gari haliingii hifadhini. Kwa mgeni anayetoka Kigoma mjini, ni kuja kwa maji na kuondoka kwa maji. Kwa hiyo hapa boti ndiyo inayopanga kila kitu, na miguu inafuata.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu wanne hadi sita wanaobeba mizigo yao wenyewe, wanaojipikia, na wanaopanda boti ya umma. Msizidi sita, kwa sababu kundi moja la kutazama sokwe lina kikomo cha watu sita. Mkiwa saba mtagawanywa, na mmoja wenu atatembea na watu asiowajua.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kila mtu:

- Begi la mgongoni la lita 40 hadi 50, lenye mkanda wa kiunoni. Likiwa kubwa zaidi utalijaza tu, kisha utalaani kila jiwe.
- Viatu vya kufunga vyenye meno, ambavyo mguu umeshavizoea. Pembeni yake, yeboyebo au kandambili ngumu za kushukia majini.
- Suruali ndefu, shati la mikono mirefu na soksi ndefu za kuchomekea suruali. Hiyo ni kinga ya siafu na upupu, tena rangi ziwe zilizofifia.
- Koti la mvua na sweta jepesi. Upepo wa ziwani unapenya hata jua likiwa kali.
- Barakoa za kutosha, angalau tatu. Moja italowa jasho, nyingine itaanguka.
- Chupa za maji za lita mbili au tatu, tochi ya kichwa, pawabanki, chandarua na dawa ya mbu. Kigoma ina malaria, tusidanganyane.
- Kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria. Viingilio vya Mtanzania, Mwana Afrika Mashariki na mgeni wa mbali vinatofautiana sana, na kitambulisho ndicho kinachoonyesha wewe uko kundi gani.

Kwa kundi zima: jiko dogo la gesi kama malazi yenu hayana jiko, sufuria mbili, kisu, kamba, sanduku la huduma ya kwanza, ndoo moja au mbili za plastiki zenye mfuniko unaobana, na jaketi okozi, ambazo wengi tunaziita maboya. Usitegemee kwamba boti itakuwa nazo za kuwatosha wote. Azimeni au kodisheni mjini.

Chakula nunueni soko la Mwanga siku moja kabla. Mchele, unga wa muhogo, maharage, dagaa wakavu, chumvi, vitunguu, karanga, na chapati za kula usiku wa kwanza kabla ya kuwasha moto wowote. Mawese yawekeni kwenye chupa yenye kizibo cha kuzungusha, na chupa iingie kwenye ndoo. Yakimwagikia hema, hema hilo litanuka mawese hadi msimu ujao.

Ndizi na maembe yaacheni mjini. Sababu inakuja hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kufuata boti

Boti za abiria zinazoelekea kaskazini huondoka mwalo wa Kibirizi mchana, kati ya saa sita na saa nane, Jumatatu hadi Jumamosi. Zinapita Kalalangabo, Mtanga, Gombe, kisha zinaendelea Mwamgongo hadi Kagunga mpakani mwa Burundi. Zinalala huko. Asubuhi zinarudi Kigoma na kupita Gombe mapema, mara nyingi kwenye saa moja au saa mbili.

Soma tena aya hiyo kabla hujaendelea. Maana yake ni kwamba kwa boti ya umma huwezi kwenda na kurudi siku moja. Maana yake pia ni kwamba ukilala usiku mmoja tu, unafika jioni na kuondoka asubuhi bila kuona sokwe hata mmoja. Kiwango cha chini ni usiku mbili.

Mpango unaofanya kazi ni huu: Alhamisi mchana kwenda, Ijumaa nzima kutembea, Jumamosi asubuhi kurudi. Mwenye muda aanze Jumatatu, apate siku mbili za mlimani na aondoke Alhamisi. Kuanza Ijumaa ni kujitafutia matatizo, kwa kuwa boti ya Jumapili si ya kutegemea.

Tiketi ya treni au basi la kuondoka Kigoma isiwe ya siku ile ile mnayorudi. Ziwa likichafuka boti haiji, na hakuna wa kumlalamikia. Acheni siku moja ya akiba.

Kuhusu msimu, kila upande una bei yake. Kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia ni kavu na picha zinatoka vizuri, ila Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapiga na ziwa linakuwa na mawimbi. Wakati wa mvua, hasa Februari hadi Mei na Novemba hadi katikati ya Desemba, sokwe hawatangitangi mbali na huwa rahisi kupatikana, lakini miteremko inateleza na radi za ziwani si za mchezo. Kundi la wanaoanza liende Septemba.

## Hatua ya 2: Vibali na malazi, kabla ya kufika mwaloni

Gombe iko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Kuna kiingilio, malazi na ada ya mwongozaji. Piga simu au fika ofisini, omba mchanganuo wa maandishi wa kila kitu, na uliza swali moja ambalo watu hulisahau: je, bei hii tayari ina VAT? Kundi zima limewahi kuchangishana upya ufukweni kwa kukosa swali hilo.

Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki. Msiende na bahasha ya noti mkidhani mtamkabidhi askari getini. Lipeni mkiwa mjini ambako mtandao unashika, kisha hifadhini risiti kwenye simu mbili tofauti.

Malazi ni ya aina mbili kwa watu wa bajeti yetu: vyumba vya hifadhi pale Kasekela, zilipo ofisi zake, au hema kwenye eneo la kambi. Ningechagua vyumba. Hema ni zuri kwa picha, lakini chumba kina mlango, na Gombe mlango una thamani kuliko godoro. Ulizeni pia kuhusu kutumia jiko, na kuhusu umri kama kuna mdogo wenu kwenye msafara, maana watoto hawaruhusiwi kuingia msituni kwa sokwe.

Mkimaliza hatua hii mnapaswa kuwa na vitu vitatu mkononi: risiti, jina la malazi yenu, na namba ya simu ya mtu wa hifadhi anayejua mnakuja siku gani.

## Hatua ya 3: Kupakia begi ambalo litalowa

Chukulia kwamba litalowa, kwa sababu litalowa. Boti haina chumba cha mizigo. Begi linakaa sakafuni ambako kuna maji kidogo siku zote, au juu ya magunia ambako mawimbi yanarusha maji.

Msikimbilie mifuko laini ya rambo, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na hifadhini hawataki kuiona. Tumia mfuko maalumu usiopitisha maji, au kata nailoni nene ya dukani, ifanye bitana ndani ya begi, pindisha mdomo mara tatu na ufunge kwa kamba. Nguo na blanketi ziingie humo. Chakula chote kwenye ndoo. Simu, risiti na vitambulisho kwenye kifuko kidogo kinachokaa mwilini mwako, si begini.

Vizito viwe katikati ya mgongo, karibu na mwili. Koti la mvua na sweta viwe juu kabisa, kwa sababu utavihitaji ukiwa umebanwa kati ya gunia la sukari na mama mwenye kuku.

Jaribio: mimina jagi la maji juu ya begi lililofungwa, subiri dakika chache, fungua. Nguo zikiwa kavu, umemaliza.

## Hatua ya 4: Kibirizi

Fikeni saa nne asubuhi. Bajaji na bodaboda kutoka mjini zinafika mwaloni, si mbali. Mtakuta magunia, madumu ya mawese, dagaa wanaanikwa, wapagazi wanapiga kelele, na vijana watatu watakaotaka kukamata mabegi yenu kwa wakati mmoja. Kila mtu ashike begi lake hadi mjue boti ni ipi.

Kisha mmoja wenu, mmoja tu, aongee. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kasekela, ofisi za hifadhi. Boti ya Kagunga inatoka saa ngapi leo?"

"Ikijaa, mwanangu."

Hilo ndilo jibu, na ni jibu la kweli. Saa sita ni matumaini, abiria ndio saa yenyewe. Ulizeni nauli kwa abiria wengine, hasa akina mama wa Mwamgongo wanaopanda kila wiki, kabla ya kumuuliza mpiga debe. Mkubaliane nauli ya mtu na ya mzigo kwa pamoja, msije mkadaiwa "hela ya begi" mkiwa katikati ya maji.

Kabla ya kupanda, simama pembeni uitazame boti. Ubavu unaobaki juu ya maji uko wapi? Ukiona abiria aliyekaa ukingoni anaweza kunawa mkono bila kuinama, boti hiyo imezidiwa. Usipande, subiri nyingine au subiri kesho. Fedha ya gesti ya usiku mmoja ni ndogo, na kina cha ziwa hili kinafika mita 1,470.

Kama mna fedha zaidi, kundi la sita linaweza kukodi boti binafsi. Inafika kwa muda mfupi zaidi kwa sababu haisimami kila kijiji. Hapo kubalianeni mambo manne kwa ujumbe wa simu ili ubaki ushahidi: mafuta ni ya nani, nahodha analala wapi na anakula kwa nani, saa ya kurudi, na kiasi kinacholipwa mwanzo. Msilipe yote kabla ya kurudi. Hata siku moja.

## Hatua ya 5: Safari ya majini

Boti ya umma huchukua saa tatu hadi nne, ingawa Gombe haiko mbali na mji. Vaeni jaketi okozi tangu mwaloni, na mzifunge. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Kaeni kuanzia katikati kwenda nyuma. Mbele boti inapiga mawimbi na maji yanaruka. Mkiwa mnakwenda kaskazini, nchi kavu iko kulia na ziwa liko kushoto, na jua la alasiri linatokea ziwani. Mwenye ngozi inayoungua au kichwa kinachouma akae kulia. Anayetapika kwa mawimbi ale kidogo saa moja kabla, chapati kavu inatosha, na atazame milima badala ya simu.

Zima roaming. Kadiri mnavyosogea mpakani simu inaweza kudaka mtandao wa upande wa pili na kula salio lako bila hodi.

Mwambie nahodha "Kasekela" unapopanda na tena mkishapita Mtanga. Mkifika vaeni yeboyebo, kunjeni suruali, mabegi yapitishwe kwa mkono mmoja mmoja. Ndoo ya chakula ishuke kwanza ikiwa na mlinzi wake. Msiiache peke yake mchangani hata kwa dakika moja.

## Hatua ya 6: Kasekela na nyani

Mtaandikishwa, mtaonyesha risiti, mtaonyeshwa malazi, mtaambiwa kanuni. Sikilizeni.

Sasa nyani. Wanaishi ufukweni pale pale, hawaogopi watu, na wanajua begi ni nini. Nyani dume mkubwa ana meno ya kukutisha na anajua hilo pia. Mlango wa chumba hufungwa kila mara, hata unapotoka kwenda kuchota maji. Chakula hakiliwi nje mchana. Tunda likionekana mkononi mwako, limeshakuwa lake, ndiyo maana niliwaambia ndizi zibaki Mwanga. Akichukua kitu, mwachie. Kumnyang'anya ni kutafuta kuumwa, na kituo cha afya kiko mbali.

Kuoga ziwani kuna mvuto wake, maji ni maangavu kweli. Lakini ziwa Tanganyika lina kichocho, na kuna nyoka wa majini anayejificha kwenye mawe. Ulizeni askari mahali wanapopaona salama, msikae majini muda mrefu, na mjikaushe haraka. Maji ya kunywa chemsheni. Jioni mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Tazameni, kisha mlale mapema.

## Hatua ya 7: Asubuhi ya sokwe

Sokwe hutengeneza viota vipya mitini kila jioni. Wafuatiliaji wa hifadhi huwafuata hadi wanapolala, kisha alfajiri hurudi pale pale. Ndiyo maana anayeanza mapema hutembea kidogo, na anayechelewa kunywa chai huwafuata sokwe hadi bonde la tatu.

Beba maji, barakoa na koti. Chakula kibaki chumbani au kifungwe ndani kabisa, kwa kuwa hairuhusiwi kula mbele yao. Mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuendesha abaki, hata kama ndiye aliyepanga safari. Sokwe hupata magonjwa yetu ya njia ya hewa na huweza kufa kwayo. Rafiki anayeficha kikohozi afichuliwe na wenzake.

Mkiwaona:

- Vaeni barakoa na mkae umbali atakaosema mwongozaji. Sokwe akisogea kwenu, ninyi ndio mnaorudi nyuma.
- Muda ni saa moja. Simu iwe kimya, mwanga wa kamera uzimwe.
- Dume akianza kukimbia, kuburuta matawi na kupiga kelele, msitawanyike wala kukimbia. Sogeleaneni, mshike mti, mtulie. Anawaonyesha wenzake ubabe. Hana kesi na ninyi.

Mmefaulu kama sokwe wanaendelea kula, kuchambuana manyoya na kulala kana kwamba hamko.

## Hatua ya 8: Kupanda mgongo wa mlima

Hapa ndipo makundi hujidanganya. Ufukwe uko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa mlima juu yenu unapita mita 1,500, ndani ya kilomita chache tu. Hakuna tambarare ya kupumzikia. Njia inapita msitu wa bondeni wenye mitambaa, inapanda kwenye miyombo, kisha inatokea kwenye nyasi ambako kivuli kimeisha.

Mwenye siku moja tu achague sokwe, na jioni aende maporomoko ya Kakombe, ambayo ni matembezi mafupi na yenye baridi nzuri. Nguvu zikibaki, ongezeni Kilele cha Jane, mahali alipokuwa akikaa Jane Goodall na darubini kuwatafuta sokwe baada ya kufika hapa Julai 1960. Mgongo wa juu wekeni siku yake peke yake.

Siku hiyo ondokeni mara kunapopambazuka, pamoja na mwongozaji, maana kutembea bila yeye hairuhusiwi. Kila mtu lita tatu za maji. Anayekwenda polepole atangulie, wenye mbio wafuate nyuma yake. Mkifanya kinyume, mwenye mbio atapumzika mara kumi na mchovu hatapumzika hata mara moja, kwani kila akiwafikia wao wanaondoka.

Wekeni saa ya kugeuza, mfano saa sita mchana, na muiheshimu hata kama kilele kinaonekana. Kushuka ndiko kunakovunja magoti: mguu utue wote, magoti yapinde kidogo, fimbo itangulie. Mkisikia radi mkiwa kwenye nyasi za juu, shukeni msituni mara moja.

## Hatua ya 9: Kurudi

Usiku wa mwisho fungeni kila kitu isipokuwa hema au shuka. Mwombeni mtumishi wa hifadhi awasaidie kuwasiliana na boti inayotoka Kagunga, kwa sababu nahodha hasimami Kasekela kama hajui kuna abiria. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu muwe ufukweni na mabegi. Boti ikitokea, punga nguo yenye rangi ya kuonekana.

Kipindi cha kusi boti itakuwa inaukabili upepo, kwa hiyo mtalowa kuliko siku ya kuja. Bitana ya nailoni irudishwe vizuri, msiilegeze kwa sababu "tunarudi nyumbani". Boti isipotokea hadi saa tatu, rudini ofisini mpange usiku mwingine. Msimsimamishe mvuvi yeyote anayepita ili kuokoa muda. Siku ya akiba iliwekwa kwa ajili hiyo.

Mkifika Kigoma anikeni hema na mabegi siku hiyo hiyo, yasipate ukungu. Homa ikimpata mtu ndani ya wiki chache, akapime malaria haraka na aseme alikokuwa. Waliooga ziwani wapime kichocho, choo na damu, baada ya wiki sita au zaidi. Ukipima mapema mno hakionekani, na tiba yake ni vidonge vya praziquantel kwa kipimo cha uzito wako.